Anwani ya Kuazima

Msomaji, tovuti ikidai anwani yako ya barua pepe kabla ya kukupa kitabu cha bure, jihadhari. Kesho barua taka zitakujia kama mvua ya masika. Wengi huazima anwani ya muda. Lakini uliza kwanza: nani mwingine aweza kulifungua sanduku hilo, nalo litadumu muda gani? Mailinator, iliyoanza mwaka 2003, huyaacha wazi masanduku yake ya bure. Ajuaye jina la sanduku husoma yaliyomo. 10 Minute Mail hukupa dakika 10, kisha anwani hufa usipoomba nyongeza. Kwa kitabu, dakika hizo zanitosha mimi. Kwa maombi ya chuo, hasha! Jibu huja baada ya majuma mengi. Na ukisahau neno la siri, njia ya kulibadili hutumwa katika sanduku lile lile, ambalo huenda mgeni ndiye alisomaye.