Jeshi lililozaliwa Moshi

Kwetu Kiboriloni ukitaka habari za vita vya Kagera, kaa na wazee. Watakueleza ya Amin na ya foleni za sukari. Lakini waulize Waganda walikuja kufanya nini hapa Moshi Machi 1979, wengi watanyamaza. Sisi vijana ndio kabisa.

Ndugu zangu, ni hapa hapa mjini, nauli moja tu ya daladala kutoka kwetu. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 vikundi vya Waganda waliokimbia utawala wa Amin vilikutana, vikaunda umoja wa UNLF chini ya Yusuf Lule. Wapiganaji wao wakawa jeshi moja, UNLA. Humo walikuwamo Kikosi Maalum, watu wa Milton Obote chini ya Tito Okello na David Oyite-Ojok, na FRONASA ya Yoweri Museveni.

Kampala ilianguka Aprili 11, JWTZ wakiwa ndio nguvu kubwa. Kwenye karatasi jeshi la Waganda lilikuwa moja. Kumbe kila kamanda aliendelea kuandikisha vijana wake, na kijana alijua nani kampa bunduki. Mei 1980 Rais Godfrey Binaisa alijaribu kumwondoa Oyite-Ojok kwenye unadhimu mkuu. Aliyeondoka ni Binaisa. Februari 1981, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, Museveni akaanza vita vya msituni. Waliokuwa jeshi moja wakapigana mpaka Januari 1986, na wananchi wa Luwero wakazikwa kwa maelfu.

Mimi nasema kosa halikuwa kukutana Moshi. Kosa ni kudhani ukibadilisha jina la jeshi umebadilisha utii wa askari.

Msidhani ni ya kale. Machi 23, 2009 serikali ya Kongo ilitia saini mkataba na CNDP, wapiganaji wakaingizwa jeshini. Wengi walibaki Kivu chini ya makamanda wao wale wale. Aprili 2012 baadhi wakaasi, wakajiita M23, yaani tarehe ya mkataba wenyewe. Mwaka 2013 Tanzania ikapeleka wanajeshi kupambana nao, na wapo ambao hawakurudi nyumbani.

Kwa hiyo waandishi wenzangu, mkataba mwingine ukitiwa saini tusiishie kupiga picha za kupeana mikono. Tuulize: askari wanalala kambi gani, wamechanganywa na nani, na mshahara wao unatoka mkononi mwa nani?

Au mnasemaje?