Ndovu, Baba na Tuzo ya Kuchekesha

Mpenzi msomaji, iwapo umewahi kuucheka msiba wa baba yako mzazi mbele ya halaiki ya watu, tena ukapewa zawadi kwa kufanya hivyo, basi wewe na mimi tu ndugu. Kama hujawahi, tega sikio nikusimulie.

Mwaka jana, muhula wa pili, mwalimu mlezi wa chama chetu aliingia mkutanoni na bahasha kuukuu iliyojaa vipande vya magazeti. Ilikuwa ni safu ya "Whispers" ya marehemu Wahome Mutahi, iliyokuwa ikitoka Jumapili katika Sunday Nation. Iliandikwa kwa Kiingereza, lakini Mwalimu alitusimulia kwa Kiswahili, nasi tukaangua vicheko hadi darasa jirani likatuma kiranja kuuliza kulikoni. Humo kuna mzee mpenda kilabu, mkewe amembandika jina la Thatcher kwa ukali wake, na bintiye anamwita Investment kwa kuwa anamtarajia amletee mahari. Weh! Nilisema kimoyomoyo, huyu bwana alijua kuuza boma lake gazetini.

Mwalimu akatuambia kwamba Mutahi alifariki mwaka 2003, na kuanzia mwaka 2006 chama cha wachapishaji wa vitabu wa Kenya kikawa na tuzo ya fasihi yenye jina lake. Nikanyosha mkono mbio. "Kwa hivyo, Mwalimu, ni tuzo ya vitabu vya kuchekesha?" Akatikisa kichwa. Alisema huko Kanada ndiko kuna nishani ya Stephen Leacock, ambayo tangu mwaka 1947 hupewa waandishi wa vichekesho. Yetu imebeba jina la mcheshi tu. Mshindi wa kwanza, mwaka huo wa 2006, alikuwa Onduko bw'Atebe kwa riwaya yake The Verdict of Death. Hukumu ya kifo! Hata jina lenyewe halina utani.

Tena kuna jambo lililonikaa rohoni zaidi. Mutahi mwenyewe alipopata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1992, hakupewa kwa sababu ya Whispers. Alipewa kwa riwaya ya Three Days on the Cross, inayohusu watu waliokamatwa na kuteswa na askari wa siri. Mambo hayo hakuhadithiwa. Mwaka 1986 alikamatwa kwa tuhuma za kuhusika na kundi la Mwakenya akafungwa gerezani. Yaani mtu anachekesha nchi nzima, halafu siku ya tuzo anaitwa kwa kitabu chake cha kilio! Wenzangu waliona ni kawaida, mimi nikaona ni dhuluma. Mwalimu naye akasema chama chetu kitarekebisha mambo: insha itakayochekesha kuliko zote itazawadiwa kamusi moja na kalamu mbili.

Sasa, mimi kwetu ni Sagalla, chini ya mlima, upande unaotazama mbuga. Asiyeijua kaunti yetu ya Taita Taveta ajue kwamba zaidi ya nusu yake ni Tsavo, na ndovu hawajawahi kusomewa ramani. Majirani wengine wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, nyuki wanatoka, naye anatimua mbio, maana mnyama huyo pamoja na ukubwa wake wote anaogopa nyuki. Sisi hatukuwa na mizinga. Tulikuwa na baba na debe.

Basi nikaandika habari za usiku ule. Nikaeleza jinsi baba alivyokurupuka usingizini, akajifunga leso ya mama kwa kukosa suruali gizani, akatoka akipiga debe mithili ya mwendawazimu. Ndovu watatu walikuwa ndani ya mahindi, wakitafuna bila haraka kama wageni wa arusi. Debe likapasuka. Hapo baba akabaki na mdomo tu, na mdomo huo ukaanza kusema Kiswahili sanifu: "Waheshimiwa, tafadhali rudini mbugani!" Mama akamuuliza kutoka dirishani mbona haongei Kisagalla kama siku zote. Baba akajibu, "Hawa ni wa serikali, hawaelewi Kisagalla!"

Niliposoma insha hiyo chamani, bwalo zima lilivunjika mbavu. Kamusi nikaitwaa. Kwa wiki nzima kila nilipopita niliitwa Mheshimiwa.

Masaibu yalianza Siku ya Wazazi. Mwalimu alitaka niisome tena, mbele ya wageni. Nilikubali upesi, nikijua baba hatakuja, kwani nauli ilikuwa shida. Niliposimama jukwaani na kuinua macho, nani yule safu ya tatu, amevaa koti lake la kanisani? Karatasi ilinitetemeka mkononi. Nilifikiria kusema sauti imenikauka. Nilifikiria pia kuruka leso. Lakini kiranja alikuwa amekwisha tangaza kichwa cha insha, na watu walikuwa wakipiga makofi.

Nikasoma yote. Nilipofika kwenye leso, ukumbi ulilipuka. Mama mmoja alifuta machozi kwa kitambaa. Baba aliinama, mabega yakimcheza, na kutoka pale mbele sikuweza kujua anacheka au vipi.

Tulipanda bodaboda moja kurudi nyumbani, mimi nyuma yake, kwa hiyo sikuuona uso wake njia nzima. Tuliposhuka penye kona yetu akasema, "Debe halikupasuka. Lilidondoka likakanyagwa. Ukiandika, andika sawasawa."

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Tukatembea kidogo. "Na asubuhi yake umeiacha kwa nini?"

Nilijua asubuhi anayoisema. Mahindi yale ndiyo yangeuzwa kulipa karo yangu, na halikubaki hata gunia moja. Nilikaa nyumbani wiki tatu. Asubuhi hiyo nilimkuta baba jikoni ameketi juu ya kinu, analia taratibu kama mtoto, nami nikarudi nyuma kwa ncha za vidole ili asinione.

"Baba, mashindano yalikuwa ya kuchekesha," nilimjibu.

Akasimama, akanitazama. "Leso nilijifunga mimi, na jikoni nililia mimi. Ni usiku mmoja huohuo. Wewe umeukata wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nililala nikimwaza Mutahi, ambaye gazeti lilichukua kicheko chake na waamuzi wakachukua kilio chake, na nyumbani kwake huenda vyote vilikaa katika chumba kimoja.

Muhula huu nimeiandika upya insha ile, kinu kimo ndani na leso imo ndani. Nilimsomea baba likizoni, tumeketi chini ya mzinga wetu wa kwanza. Alicheka mahali pa leso. Mahali pa kinu alinyanyuka akaenda kukaza waya uliokuwa umekazwa tayari. Aliporudi aliniuliza kama Siku ya Wazazi mwaka huu viti vya safu ya mbele vimekwisha kuwekewa watu.