Bakuli la Mzazi



Mwezi huu twaandika habari ya nyumba yetu wenyewe, mume na mke, wala si kwa kujisifu, maana humo mna kosa letu.

Huku kwetu Kilimanjaro mzazi huwekwa ndani miezi kadhaa. Hafanyi kazi, naye hulishwa mtori wa ndizi na nyama, maziwa na siagi. Akitoka amenenepa, watu humsifu mumewe na mkwewe kwamba wamemtunza. Desturi hii imezaliwa na huruma, nasi hatuitukani.

Mwaka 2010, mama wa nyumba hii alipokuwa na mimba ya mwisho, alionekana ana kisukari cha mimba. Alipojifungua, sukari ilishuka. Tuliambiwa turudi kupimwa baada ya majuma sita. Hatukurudi. Tulisema, Ugonjwa umetoka pamoja na kondo la nyuma. Na bakuli likaendelea kuja kila siku. Unene ule haukuondoka, hasa wa tumbo. Mwaka 2015 zilikuja kiu, kuamka usiku mara kwa mara, na macho kuona ukungu. Kisukari kilikuwa kimerudi, na safari hii kimekaa.

Tangu hapo tumejifunza maana yake. Wakati wa mimba, homoni za kondo huifanya insulini ya mama isifanye kazi vema, hata kongosho lake hulazimika kutoa nyingi zaidi. Lisipoweza, sukari hupanda. Kujifungua huondoa mzigo, lakini udhaifu umekwisha kujulikana. Tena mafuta yanayojaa ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo, huizuia insulini kuliko yale ya mapajani. Basi mzazi akizidi kunenepa tumboni, mzigo humrudia. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, uliokusanya habari za wanawake zaidi ya 1,300,000, ulionyesha kwamba waliopata kisukari cha mimba wamo katika hatari ya kisukari cha kudumu karibu mara 10 kuliko wenzao. Wembamba nao wasijione salama kabisa.

Walakini kuna tumaini. Huko Marekani, mwaka 2002, ilijulikana kwamba watu walio karibu na kisukari, wakipunguza uzito kwa asilimia 7 na kutembea kwa bidii dakika 150 kila juma, hatari yao hupungua kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 80, hiyo asilimia 7 haifiki kilo 6. Nao waliokuwa wamepata kisukari cha mimba, hatari yao ilipungua kwa nusu hivi. Kunyonyesha pia husaidia.

Mwaka 2024 mke wa mwanetu alijifungua, naye alikuwa amepata kisukari kile kile. Bibi yao akaleta bakuli, siagi ikielea juu. Tulipomwomba apunguze, alihuzunika, akasema, “Wanangu, mwataka watu waseme nyumba hii ina njaa?” Hatukuwa na jibu. Ndipo mama wa nyumba alipoleta dawa zake, akazipanga mezani mbele ya mkwewe, akasema, “Mama, mimi nililishwa kwa upendo, na sikwenda kupimwa. Huyu tumpende kwa njia nyingine.”

Bibi alinyamaza kitambo, kisha akalichukua bakuli, akaliengua mafuta kwa mkono wake.

Hatukumnyima mzazi chakula, kwa maana anayenyonyesha hapaswi kushinda njaa. Mtori ulibaki, ila ndizi zilipungua, siagi ikaachwa, maharage na mboga za majani zikaongezwa. Na alipopata nguvu alitembea kila jioni. Yalipotimia majuma sita alikwenda kupimwa. Alinywa maji yenye gramu 75 za sukari, akakaa saa mbili, damu ikapimwa. Alikuwa mzima, tukamshukuru Mungu. Naye ameagizwa apimwe tena kila baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, maisha yake yote.

Basi, ninyi waume na wakwe, mama akiwa amepata sukari katika mimba, iandikeni siku ya kurudi kupimwa, na mwende pamoja naye. Sisi tulikuwa wawili, na hakuna aliyemkumbusha mwenziwe. Nanyi walimu, wasomeeni haya akina mama wasiojua kusoma.

Mungu azilinde nyumba zenu.