Maduara Matano

Kijana mmoja mfanyabiashara alimwendea mchora mabango wa Gungu, Kigoma, akiwa na picha katika simu. Neno lilikuwa moja tu, dagaa, limeandikwa kwa herufi ndogo, pana, za mistari myembamba mithili ya uzi, zisizo na vikia wala madaha.

“Mzee wangu, liwe hivi hivi. Likitofautiana, nitakwenda kuchapisha kwa mashine.”

Mzee hakujibu. Jicho lake la kulia lilikuwa limeanza ukungu, na miezi miwili hapakuwa na kazi.

Asili ya herufi za namna hii ni Ulaya ya baina ya vita viwili. Iliyo mashuhuri zaidi, Futura, ilibuniwa na Paul Renner na kutolewa Frankfurt mwaka 1927. Katika hati hiyo a haina kipinde cha juu: ni duara na kijiti. d ni duara na kijiti kirefu, g ni duara na mkia. Kwa hiyo dagaa, neno la kila siku katika mwambao wa Tanganyika, ni maduara matano yaliyofuatana. Lugha yetu, iliyojaa a, huipokea hati hii kama mgeni aliyengojewa. Shida ni urefu wa maneno. Kijana alitaka na “tunawakaribisha” chini yake, herufi 15. Ubao haukutosha, likaachwa.

Mzee alipigilia msumari, akafunga uzi, akazungusha penseli mara tano. Rangi ilipokauka akavuka barabara atazame. Maduara yalikuwa sahihi kwa uzi, si sahihi kwa jicho. Juu na chini mstari ulionekana mnene kuliko ubavuni, na kila duara lilipogusana na kijiti pamefanyika doa. Isitoshe, vijiti vilikuwa vinapotea. Kiangazi kile vumbi jekundu lingevimeza kabisa, na mpita njia angeona pete tupu.

Renner naye alilijua hilo. Maduara ya Futura, yanayosifiwa kuwa ya bikari, yamerekebishwa kwa siri: mstari hukondeshwa unapokaribia kijiti, kusudi jicho lidhani ni sawa. Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hawakuwa na haja ya siri hiyo, kwani kalamu ya mwanzi iliyokatwa mshazari hunenepesha na kukondesha yenyewe, hadharani.

Mzee alirudi ngazini na brashi ndogo kuliko zote. Akapunguza maungio, akaongeza vijiti unene wa unywele mmoja, huku mkono wa kushoto umeushikilia wa kulia. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili, kwa malipo yale yale.

Kijana alipofika aliinua simu, akailinganisha na ubao, herufi baada ya herufi.

“Sawasawa kabisa,” akasema, akahesabu fedha.

Mzee alizipokea, akaendelea kuosha brashi.