Saa Tatu Kasorobo: Hesabu ya Nyota na Funzo la Tafsiri

Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Methali hii nilikuwa nimeisoma, nikaifafanua katika mitihani, na hata kuwasahihisha wenzangu walioitumia visivyo. Hata hivyo, sikuwahi kuionja ladha yake hadi siku nilipokabidhiwa karatasi moja ndogo mjini Mombasa ili niitafsiri.

Rafiki yangu mmoja, ambaye wazazi wake ni Wahindu wenye asili ya Gujarat, alikuwa na dada aliyeposwa. Kama ilivyo ada katika familia nyingi za Kihindu, wazee wa pande zote mbili walitaka kundali za wachumba zilinganishwe. Kundali ni mchoro unaoonyesha jinsi anga ilivyokuwa mtu alipozaliwa. Msichana huyo alizaliwa nyumbani, papo hapo Mombasa, na mkunga akaandika tarehe, iliyoangukia wiki ya mwisho ya Aprili, pamoja na saa: "2.45 asubuhi". Niliombwa niyaandike hayo kwa Kiingereza yapelekwe kwa mnajimu huko Jamnagar, nchini India. Nikazinakili tarakimu jinsi zilivyokuwa, nikalitia neno la Kiingereza la "asubuhi", kisha nikashika njia yangu.

Jibu lilipowasili, nyumba nzima ilishikwa na simanzi. Ilisemekana kwamba msichana ni mangalik, yaani ana dosari ya Mirihi, kwa kuwa sayari hiyo ilikuwa katika nyumba yake ya nane. Upande wa mvulana ukaanza kusitasita. Kwa kuwa mkono wangu ulikuwamo katika karatasi ile, nilitaka kujua hesabu hiyo inavyofanywa. Rafiki yangu alinitafutia kitabu, tukaketi mezani kwao kwa siku mbili.

Hesabu yenyewe huanza na mambo matatu: tarehe, saa na mahali. Saa ya ukutani hurekebishwa kwanza. Majira ya Afrika Mashariki hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ilhali Mombasa iko karibu nyuzi 39 na dakika 40. Kila uzi mmoja ni sawa na dakika nne za saa, kwa hivyo wakati halisi wa Mombasa uko nyuma kwa takriban dakika 21.

Hatua ya pili ni kutafuta mahali pa Jua, Mwezi, Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, pamoja na Rahu na Ketu, ambazo ni nukta mbili ambapo njia ya Mwezi hukata njia ya Jua. Anga hugawanywa katika buruji 12 za nyuzi 30 kila moja, zile zile tunazoziita Kondoo, Ng'ombe, Mapacha na kadhalika. Hapa ndipo Wahindi wanapotofautiana na wanajimu wengi wa Magharibi. Wamagharibi huanza Kondoo pale Jua linapokuwa mnamo tarehe 21 Machi, usiku na mchana unapolingana. Wahindi huanzia kwenye nyota zenyewe, kwa hivyo Jua lao huingia Kondoo karibu na tarehe 14 Aprili. Tofauti hiyo huitwa ayanamsa, na huongezeka kwa uzi mmoja katika kila miaka 72 hivi. Kamati ya kurekebisha kalenda iliyoundwa na serikali ya India mwaka wa 1952, chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, iliikadiria kuwa nyuzi 23 na dakika 15 kufikia tarehe 21 Machi 1956.

Hatua ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Lazima ijulikane ni buruji ipi iliyokuwa ikichomoza mashariki mtoto alipozaliwa. Hiyo huitwa lagna, nayo ndiyo nyumba ya kwanza. Nyingine 11 hufuata kwa mpangilio. Kwa kuwa dunia hujizungusha mara moja kwa siku, kila buruji huchomoza kwa muda wa saa mbili hivi. Ukikosea saa sita, umezihamisha nyumba zote kwa buruji tatu. Mwezi nao husogea zaidi ya nyuzi tatu kwa muda huo, karibu robo ya kituo kimoja kati ya vituo vyake 27 vya nyuzi 13 na dakika 20. Kituo hicho ndicho kinachotumiwa kupanga vipindi vya maisha ya mtu katika mzunguko wa miaka 120.

Nilipofika hapo, nilimgeukia mama mwenye nyumba. "Mama," nikamuuliza, "dada alizaliwa usiku?"

"Usiku gani, mwanangu?" akajibu. "Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na baba yake alikuwa ameshafungua duka."

Moyo ulinipasuka paa! Mkunga aliandika saa tatu kasorobo ya Waswahili. Mimi nikaipeleka India saa tisa kasorobo ya usiku. Kwa saa yangu, lagna ilikuwa Ndoo, na Mirihi iliyokuwa katika Mashuke ikaangukia nyumba ya nane. Kwa saa ya mkunga, lagna ilikuwa Ng'ombe, na Mirihi ile ile ikawa katika nyumba ya tano, ambayo haihesabiwi miongoni mwa nyumba za dosari.

Niliandika barua ya kukiri kosa langu, na mazungumzo ya posa yakaanza upya. Dada mwenyewe alinisamehe, ila alisema neno ambalo sijalisahau: "Wiki tatu nzima nilijiona mkosi."

Sidai kwamba Mirihi hupanga ndoa za watu. Mimi si mwamini wa mambo hayo. Lakini hesabu ile ilikuwa safi tangu mwanzo hadi mwisho, nayo ilijengwa juu ya neno nililolipotosha. Kilichonitia haya zaidi ni kwamba wanajimu wa kale wa India waliihesabu siku kuanzia macheo, kwa vipimo viitwavyo ghati, vya dakika 24 kila kimoja. Kwao, saa tatu kasorobo ya mkunga ingekuwa karibu ghati saba tangu jua kuchomoza. Mswahili na Mhindi wa kale wangeelewana bila mkalimani. Aliyewatenganisha ni mimi, msomi wa lugha, niliyedhani kwamba tarakimu hazihitaji kutafsiriwa.

Tangu siku hiyo, kila ninapokutana na saa katika matini, huuliza kwanza: je, aliyeiandika alianza kuhesabu wapi?