Anaishi, Aliishi

Kihispania kimeingia Nyarugusu kupitia simu. Wenzetu waliopata safari ya Marekani waliondoka wakijiandaa kwa Kiingereza, kumbe kazini wengine wanasimama bega kwa bega na watu wa Meksiko na Guatemala. Dada yangu yuko kwenye kiwanda cha kukata kuku. Kiingereza ni cha msimamizi. Kihispania ni cha kuazimana glavu na kupeana habari za nyumbani. Akitoka kazini ananitumia sauti kwa WhatsApp: "Mdogo wangu, wewe uliyefundisha Kifaransa, ebu nielezee hii." Nikipata bando natafuta, nasoma, namjibu. Hivyo nimejifunza lugha ambayo sijawahi kuongea na mtu uso kwa uso.

Maswali yake mengi ni ya jambo moja: lini useme kwa wakati uliopo, na lini kwa ule uliopita ambao Wahispania wanauita preterito. Sisi tuko na -na- na -li-, zinakaa ndani ya neno na kila mtu anazisikia. Kihispania kinabadilisha mwisho wa neno. Trabajo, nafanya kazi. Trabajé, nilifanya kazi. Trabajó, yeye alifanya kazi. Sasa angalia la kwanza na la tatu. Herufi ni zilezile, tofauti ni ile alama ndogo juu ya o, yaani mkazo. Trabajo unakazia "ba" katikati, trabajó unakazia mwisho. Na sisi mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Dada alikuwa anawasimulia kazi ya marehemu baba, wenzake wanadhani anajisemea yeye mwenyewe. Nilimwambia apige kofi kwenye silabi ya mwisho, akiwa jikoni peke yake, mpaka kinywa kizoee.

Kuna mahali Kihispania chenyewe hakitofautishi. Trabajamos ni tunafanya kazi, na pia ni tulifanya kazi. Vivimos ni tunaishi, na pia ni tuliishi. Kitenzi cha kula kinatofautisha: comemos, tunakula, comimos, tulikula. Lakini kuishi, hapana. Wenye lugha hawapotei, maana wanaongeza "sasa" au "zamani" au mwaka wenyewe. Dada aliposikia hivyo alicheka. "Vivimos en Fizi," akasema. "Hii naiacha hivyohivyo, wachague wenyewe."

Jambo lingine ni la kuhesabu miaka. Hace diez años que vivo aquí: ni miaka kumi naishi hapa, na bado nipo. Hace diez años que viví aquí: niliishi hapa, imepita miaka kumi, nilishaondoka. Miaka ni ileile, mwanzo wa sentensi ni uleule, kitenzi peke yake ndicho kinasema kama mtu bado yuko ndani au ametoka. Waliosoma Kifaransa watakumbuka j'habite ici depuis dix ans, nayo ni wakati uliopo. Sisi tungesema "nimeishi hapa miaka kumi". Hiyo -me- yetu inasumbua, maana haina sehemu moja ya kukaa katika Kihispania. Mtu wa Meksiko akitaka kujua kama umekula, mara nyingi anauliza ¿ya comiste?, kwa preterito. Wa Hispania mara nyingi atasema ¿has comido?, ambayo iko karibu zaidi na "umekula".

Haya yote tulikuwa tunayafanya kama mchezo, mpaka siku mwanamke mmoja wa Guatemala alipomuuliza dada kama ana kaka.

Tunaye. Ni mkubwa wetu, fundi seremala. Tulipotezana naye siku ya kukimbia, kabla ya kuvuka Ziwa Tanganyika, na mpaka leo hatujapata habari yake, si nzuri wala si mbaya. Dada alikuwa na maneno yote mdomoni. Akaanza: Mi hermano... kisha akakwama. Vive, anaishi? Vivió, aliishi?

Kwa Kiswahili tunajua kupita pembeni. Tunasema "kaka hayupo", na hayupo ni ametoka, amesafiri, amefariki. Kila mtu anachukua anachoelewa. Kwetu Kivu tunasema pia "alikuwaka anatengeneza vitanda", bila kutaja iliisha lini. Kihispania nacho kina njia kama hizo: no está, hayupo, trabajaba, alikuwa akifanya kazi. Lakini hiyo ya pili nayo inamrudisha kaka nyuma, na dada hakutaka.

Nilimweleza hivi. Preterito haisemi tu kwamba jambo ni la zamani. Inasema limekwisha. Ukisema vivió, utaulizwa alikufa lini. Ukisema vive, utaulizwa anaishi wapi. Chagua swali unaloweza kulibeba.

Siku hizo nilikuwa nimesoma habari za Meksiko. Mwaka 2014, wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa walichukuliwa usiku katika mji wa Iguala, wakapotea. Wazazi wao waliandamana na maneno ambayo familia za waliopotea kule wanayatumia: Vivos se los llevaron, vivos los queremos. Waliwachukua wakiwa hai, tunawataka wakiwa hai. Kitenzi cha kwanza, llevaron, ni preterito: kuchukuliwa kulitokea usiku ule, kukaisha. Cha pili, queremos, ni wakati uliopo. Wazazi hao hawakuwa wanakosea sarufi. Walijua kipi kimekwisha na kipi hakijakwisha, na hawakukubali mtu mwingine awafungie.

Nilimtumia dada. Kesho yake kazini akamjibu yule mwenzake: Tengo un hermano. Es carpintero. Lo vi cerca del lago. No sé dónde está. Nina kaka. Ni seremala. Nilimwona karibu na ziwa. Sijui yuko wapi. Vi, nilimwona, ndiyo preterito pekee hapo. Kuona kulikwisha. Kaka mwenyewe amebaki kwenye wakati uliopo, pamoja na kazi yake.

Mwenzake hakuuliza zaidi. Alisema na yeye ana mjomba ambaye nyumbani kwao wanamsema hivyohivyo, tangu vita ya kwao.

Ninaandika haya kwa ajili yetu, na pia kwa wakalimani na wafanyakazi wa mashirika wanaokaa nasi na fomu mezani. "Ndugu yako aliitwa nani?" ni swali fupi, na anayeuliza hana nia mbaya. Lakini ile -li- inaweza kumzika mtu ambaye familia haijamzika. Kabla ya kuandika, sikiliza kwanza mwenyewe anasema anaitwa au aliitwa. Halafu mfuate huko huko alikoanza.