Kuhesabu Ngazi mjini Brugge
Tulitoka Brussels, tukaapo, kwa garimoshi, bila ratiba. Tulipofika Brugge tuliwaachia watoto wetu wawili, wa miaka 8 na 6, uongozi wa njia: penye daraja walivuka, penye batamaji walisimama. Mifereji ikatufikisha kwenye uwanja wa soko, penye mnara wa kengele wa mita 83, ulioanza kujengwa karne ya 13. Ngazi zake ni 366, nyembamba, za kuzunguka. Watoto wakazihesabu kwa Kifaransa, lugha ya shule yao; mimi kwa Kiswahili. Kabla ya mia, mkubwa alikwisha kunifuata, mdogo akanitangulia: "Mia na moja!" Ndugu walimu, ugenini lugha ya nyumbani haitunzwi kwa daftari pekee, yataka pia matembezi, na mzazi mwenye pumzi.